Mkono wa Babu Lusungu Dirishani

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatano ya Machi 13, 1996, ukungu bado haujainuka juu ya mashamba ya chai ya Rungwe. Ndani ya kiwanda, Ambindwile Mwaikuka anaingiza mkono wa kulia kwenye mashine ya kusaga majani ili atoe ujiti uliokwama. Anautoa mkono. Ujiti haujatoka. Vidole viwili navyo havijatoka.

"Sikusikia maumivu," anasema. "Nilihesabu, nikapata vitatu. Nikasema labda nimeanza vibaya, nikahesabu tena kuanzia upande wa pili."

Wenzake wanazima mashine, wanavipata vidole, wanavifunga kwenye leso na kumtilia mfukoni. Kisha wanamkimbiza getini, ambako safari inasimama. Mlinzi wa geti, Anyosisye, ana amri ya mwenye kiwanda mpya: hakuna kitu wala mtu anayetoka bila kuandikwa.

"Ndugu yangu, hata damu inaandikwa?" Ambindwile anamuuliza.

"Inaandikwa. Mfukoni una nini? Si chai?"

"Vidole."

Anyosisye anavichungulia, anafunga leso, anachukua kitabu cha ajali na kuandika mstari mmoja: saa, vidole viwili, mkono wa kulia, na jina la aliyeumia kama anavyomjua. Ndipo anafungua geti.

Mstari huo ulikaa ndani ya kitabu mwaka mmoja na nusu bila mtu kuusoma. Ungesomwa mapema, simulizi hii ingekuwa fupi zaidi.

Ambindwile ana miaka hamsini na mitano sasa. Alianza kazi ya chai mwaka 1974, wakati kiwanda kilikuwa cha serikali na kengele ya chakula ilisikika mpaka Tukuyu mjini. Mwaka 1995 kiwanda kiliuzwa. Wafanyakazi walikuwa mia nne na kumi na wawili. Walipopunguzwa walibaki mia mbili na sitini. Yeye alibaki kwa sababu mashine ile ya kusaga ilimzoea. Mshahara wake ulikuwa shilingi 17,500 kwa mwezi.

Anakaa Msasani ya Tukuyu, pembeni ya mji, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye migomba nyuma. Katikati ya migomba hiyo kuna kaburi la mkewe, Ikupa, aliyefariki Agosti 1994. Kando ya kaburi kuna kijilima kingine, kidogo kama tuta la kiazi kimoja.

"Hospitali walisema havishoneki tena," anasema. "Sasa nivitupe? Nikaona vitangulie kumsalimia."

Vidole hivyo vilileta matatizo yake vyenyewe. Ambindwile alipodai fidia, Afisa Utumishi wa kiwanda, Jackson, kijana kutoka Morogoro aliyekuja na mwenye mali mpya, aliandika barua akitaka vielelezo viletwe ofisini. Alijibiwa kuwa vielelezo vimezikwa. Akaandika tena kuuliza kama kulikuwa na kibali cha mazishi.

"Nilikuwa mgeni wa kazi," anasema Jackson leo, akicheka na kujifuta macho. "Chuoni walitufundisha kuwa kila kitu kiwe na karatasi."

Kwa mujibu wa sheria ya fidia, mfanyakazi aliyeumia kazini hupimwa na daktari, na daktari huandika asilimia ya uwezo uliopotea. Asilimia hiyo ndiyo inayoamua atalipwa kiasi gani. Kwa hiyo vita haikuwa juu ya vidole, maana havikuwapo tena. Vita ilikuwa juu ya nani atazame mahali vilipokuwa.

Wa kwanza kutazama alikuwa daktari wa kampuni, aliyekuwa akija kwa gari kutoka Mbeya kila Alhamisi ya pili. Alimpokea Ambindwile mlangoni mwa kantini akiwa na kikombe mkononi. Walisimama wakitazamana. Kabla chai haijapoa alikuwa ameandika: mkono wa kushoto, kidole kimoja na kipande, asilimia sita.

"Ulikuwa upande wake wa kushoto, ndiyo," anasema Ambindwile. "Lakini mimi nilikuwa nimemwelekea yeye! Mkono wangu wa kushoto unashukuru kwa kuulizwa hali, ila wenyewe ulikuwa mzima."

Aliyemwambia asikubali ni Enosi, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani, mwenye miaka thelathini na minne, rafiki wa mtoto wake. Enosi alikuwa na nakala ya sheria iliyopigwa chapa miaka ya zamani, imeliwa na mende pembeni, na aliibeba ndani ya mfuko wa mbolea ili isilowe. Alimsomea kifungu: mfanyakazi asiporidhika, apimwe na daktari wa serikali ambaye pande zote mbili zimemkubali.

"Pande zote mbili," Enosi anarudia. "Hapo ndipo tulipolala mwaka mzima."

Kampuni ilimpendekeza daktari yuleyule wa kampuni. Enosi akakataa. Enosi akapendekeza hospitali kubwa ya Mbeya. Kampuni ikakubali, hospitali ikakaa na barua miezi mitano, ikajibu kwa mistari miwili kuwa suala hilo ni la hospitali ya wilaya. Wakaenda kwa daktari mmoja wa misheni. Akawapokea vizuri, akawapa chai, akasema hajazi fomu za serikali tangu fomu moja ilipompeleka mahakamani.

Ikabaki hospitali ya wilaya. Pale, daktari mkuu alikuwa amekwenda masomoni. Mwenye ruhusa ya kujaza fomu za asilimia alikuwa mmoja tu, daktari msaidizi, Hellen Mwakapala, mzaliwa wa Kisiba.

Kampuni ilimkubali siku ileile. Jackson alikwenda mwenyewe na barua mpaka nyumbani kwa Ambindwile, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza jambo.

Ambindwile aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Huyu simtaki."

"Mzee, daktari wetu ulimkataa. Huyu ni wa serikali. Una ugomvi naye?"

"Sina ugomvi naye hata kidogo. Ni mtu mzuri sana."

"Sasa?"

"Sasa simtaki."

Jackson aliondoka akiwa na hakika kuwa mzee anaficha kitu. Wiki hiyo barua ikaenda kwa Afisa Kazi kule Mbeya: mdai anakataa kupimwa bila sababu. Na sheria, hata ile ya Enosi iliyoliwa na mende, iko wazi hapo. Anayekataa kupimwa bila sababu, dai lake linafungwa. Afisa Kazi akajibu kwa kutoa siku ya mwisho: Juni 30, 1997.

Sababu ilikuwapo, ila Ambindwile aliona haya kumwandikia mtu wa Morogoro. Daktari Hellen ni mkamwana wake, mke wa Isakwisa, mtoto wake wa pekee.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja. Wakionana njiani, mmoja anapinda. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Wenyewe wanaita ukutila, kuogopana kwa heshima. Siku hizi, hasa mjini na makanisani, wengi wamelegeza. Ambindwile hakulegeza, na Hellen, pamoja na vyeti vyake, hakulegeza.

"Nimesoma," anasema Hellen, akiwa ofisini kwake hospitalini. "Lakini sijasoma kiasi cha kumkodolea macho baba mkwe."

Katika ukoo wao kifungo hicho hufunguliwa kwa ng'ombe. Baba mkwe anamtoa, wazee wanakaa, mkamwana anakuja na kumpa mkono, na tangu siku hiyo wanaweza kukaa meza moja. Ambindwile alikuwa na ng'ombe wa kazi hiyo. Alimuuza mwaka 1994, Ikupa alipolazwa.

Ikupa aliijua bei ambayo ng'ombe huyo aliuzwa. Ndiye aliyekuwa daraja kati ya nyumba mbili, ya Ambindwile na ya Isakwisa, hatua hamsini, ua mmoja katikati. Alipeleka maneno na kurudisha maneno, na mengine akiyapunguza chumvi njiani. Wiki ya mwisho, hospitalini, alimwambia mumewe neno moja la kufanya: anunue ng'ombe mwingine, Hellen afunguliwe kwa heshima, wasije wakaanza kukutana kwa kuvizia kama wezi.

"Alisema, 'Usipofanya, utakula peke yako mpaka uzeeke, na wewe hujui kupika hata maji,'" anasema Ambindwile.

Ikawa kama alivyosema. Tangu mazishi, kila Jumapili Hellen huweka sufuria ya ndizi kizingitini, hukohoa mara mbili na kuondoka. Ambindwile husikiliza hatua zikiisha, ndipo afungue mlango. Jioni hurudisha sufuria kwenye ua, naye hukohoa. Ng'ombe mwingine asingetoka kwenye mshahara wa shilingi 17,500. Angeweza kutoka kwenye fidia, kama asilimia ingekuwa ya kweli.

Na mtu pekee wa kuandika asilimia ya kweli alikuwa yuleyule ambaye ng'ombe hajamfungua.

Mwishoni mwa Mei, Enosi alimweleza Jackson jambo lote. Alidhani akielewa, atakubali atafutwe daktari mwingine. Jackson alielewa nusu tu.

"Mkwe wake?" alisema. "Basi kampuni nayo inamkataa. Atampendelea!"

"Bwana Jackson, hawezi hata kumwona."

"Ndiyo maana atampendelea. Atampima kwa kukisia."

Kwa hiyo, zikiwa zimebaki wiki nne, pande zote mbili zikawa zimemkataa daktari mmoja: kampuni kwa kuwa ni mtu wa karibu mno, mdai kwa kuwa hawezi kumkaribia. Kesi ikapanda kwa Afisa Kazi, Nsajigwa, mtu mnene mwenye tai, Mnyakyusa wa huko Mwakaleli, ambaye huja Tukuyu mara moja kwa mwezi na kuazima chumba katika ofisi ya kata Msasani.

Nsajigwa aliwasikiliza wote, akavua miwani.

"Bwana Jackson, mimi nina mkamwana. Juzi tumekutana sokoni. Unajua nilijificha wapi? Nyuma ya magunia ya viazi. Na tai yangu hii shingoni."

"Mheshimiwa, sheria haisemi kuhusu viazi."

"Haisemi. Lete hiyo fomu."

Akaisoma fomu ya uchunguzi mstari kwa mstari. Ilisema daktari achunguze sehemu ya mwili iliyoumia. Akauliza kama kuna mahali inaposema atazame na uso. Hakukuwa na mahali. Akaamuru daktari wa serikali aliyeko ndiye huyo, apime mkono, na mkono ufike kwake kwa njia yoyote ambayo haitavunja fomu wala nyumba ya mtu. Kampuni ilialikwa kushuhudia. Ilijibu kwa barua kuwa haiwezi kushuhudia jambo isilolitambua.

Alhamisi ya Juni 26, zikiwa zimebaki siku nne, saa nane mchana, Ambindwile alisimama nje ya dirisha la dawa la hospitali, lile dogo la mbao ambalo wagonjwa hupokelea vidonge. Kwa ndani lilikuwa limetundikwa shuka la wodini. Alipenyeza mkono wa kulia chini ya shuka mpaka kiwiko. Upande wa ndani alikaa Hellen na rula. Enosi alisimama pembeni ya dirisha, sikio moja nje, jingine ndani.

"Shemeji," Hellen alimwambia Enosi, rafiki wa mumewe, "mwambie mgonjwa akunje kidole cha shahada."

"Babu, kunja kidole cha shahada."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nimekunja."

"Amekunja."

"Ninaona, shemeji. Mkono uko kwangu."

"Haya, samahani."

"Mwambie akunje kile cha mwisho."

Enosi aligeukia nje.

"Babu, kunja kidole cha mwisho."

"Mwambie hicho ndicho ninachokunja sasa hivi. Kimegoma tangu mwaka jana."

"Mwambie mgonjwa anibane vidole vyangu kwa nguvu zake zote."

Hapo Ambindwile aliurudisha mkono ghafla. Kuushika mkono wa mkamwana kabla ng'ombe hajatoka, hata kwa fomu ya serikali, lilikuwa jambo jingine. Ikatafutwa chupa ya dawa ya kikohozi, tupu. Akaibana chupa. Ikaanguka. Akaibana tena, ikaanguka tena.

Nyuma yake watu waliofuata dawa zao walikuwa wameshapanga foleni.

"Huyu mzee anapewa dawa gani mkono umekaa ndani nusu saa?" mama mmoja aliuliza.

"Anapimwa, mama," Enosi akajibu.

"Anapimwa? Sisi tukija tunatoa ulimi, tunavua viatu, yeye anatuma mkono tu?"

"Mwambie daktari," Ambindwile alisema bila kugeuka, "rula yake ni ya baridi kama nini."

"Mwambie mgonjwa Tukuyu yote ni ya baridi."

Hellen aliandika kwa makini. Vidole viwili havipo, cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Cha mwisho hakikunji. Mkono haushiki kitu chenye uzito wa chupa. Asilimia ishirini na mbili. Kisha akarudi juu ya fomu, kwenye nafasi ambayo alikuwa ameiruka: jina la aliyechunguzwa.

Maelekezo chini ya fomu yalisema nafasi zote zijazwe kwa mkono wa daktari mwenyewe, bila kufuta. Enosi alimpa jina kupitia pazia, kwa sauti, mara mbili. Kalamu haikuandika.

"Kuliandika jina lake ni kulitamka kwa mkono," anasema Hellen. "Nilikaa pale nikaona jasho linanitoka na baridi yote ile. Nikaandika ninavyomwita nyumbani."

Aliandika: Babu yake Lusungu. Lusungu ni binti yake, ana miaka sita.

Jibu la kampuni lilikuja haraka kuliko barua zote zilizotangulia. Lilisema kuwa kampuni imepitia orodha ya wafanyakazi wake wote na haina mfanyakazi aitwaye Babu yake Lusungu, na kwamba uchunguzi umefanywa juu ya mkono usiojulikana ni wa nani. Iliongeza kuwa kiwandani wapo watu watatu waliopungukiwa vidole. Hilo la mwisho, Enosi anasema, lilikuwa jambo ambalo kampuni ingefanya vizuri kutoliandika.

Kikao cha mwisho kilikuwa Jumanne, Septemba 9, katika chumba kilekile cha ofisi ya kata. Mvua ilikuwa inanyesha. Ambindwile alikaa ndani. Hellen, aliyeitwa kama shahidi, alisimama nje chini ya upenu na mwavuli, akiwa ameligeuzia dirisha mgongo.

Jackson alisogea dirishani.

"Daktari, kwa nini unaongea na barabara?"

"Endelea tu, nakusikia."

"Siku ile ulimwona mgonjwa?"

"Niliona mkono."

"Kwa hiyo huwezi kujua ulikuwa wa nani."

"Ninajua. Kila Jumapili napeleka sufuria, jioni narudishiwa ina alama za vidole kwenye masizi. Tangu Machi mwaka jana zina vidole vitatu. Mkono ule nilioupima dirishani ndio huo wa kwenye sufuria."

"Mheshimiwa," Jackson alimgeukia Nsajigwa, "sufuria si kielelezo."

"Hiyo tumekubaliana. Una kielelezo wewe?"

Jackson alikuwa nacho. Alifungua mkoba, akatoa kitabu cha ajali cha kiwanda, kile cha getini. Alikuwa amekitafuta wiki nzima, akakipata chini ya kiti cha Anyosisye, kikiwa kimewekwa kusawazisha mguu mfupi. Karani wake alikuwa amepekua ukurasa wa Machi 13, 1996, na kumhakikishia kuwa hakuna Mwaikuka wala Ambindwile aliyeandikwa kuumia siku hiyo.

"Kampuni inasema hivi," alisema, akisimama wima. "Kwa kumbukumbu zetu wenyewe, zilizoandikwa saa ileile na mlinzi wetu, Bwana Ambindwile Mwaikuka hakuumia."

Ambindwile aliuinua mkono wake na kuutazama.

"Usome basi ukurasa huo," Nsajigwa alisema. "Wote tusikie."

Jackson alifungua. Kwenye pembe kulikuwa na doa la kahawia, la damu kavu. Akasoma:

"Saa mbili na nusu. Vidole viwili, mkono wa kulia. Vimo mfukoni, vimekaguliwa. Aliyeumia..."

Akausogeza ukurasa karibu na macho. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Aliyeumia nani?" Nsajigwa aliuliza.

"Babu Lusungu."

Kisha nje, chini ya mwavuli, Hellen alianza kucheka, akaziba mdomo kwa khanga. Enosi alilala kwa kicheko juu ya mfuko wake wa mbolea. Anyosisye, aliyekuja kusubiri kitabu chake, alitia kichwa mlangoni.

"Kwani kuna shida? Kiwandani nani anamwita jina jingine? Tangu mjukuu azaliwe ni Babu Lusungu, kabla ya hapo Baba Isakwisa. Hilo Ambindwile nimelisikia leo hapa."

"Na umefanya naye kazi miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mheshimiwa."

Nsajigwa aliweka fomu ya Hellen upande mmoja na kitabu cha kampuni upande wa pili. Babu yake Lusungu, mkono wa kulia, vidole viwili. Babu Lusungu, mkono wa kulia, vidole viwili. Akamuuliza Jackson kama kampuni ina swali.

Jackson alikifunga kitabu taratibu.

"Kampuni haina swali."

Asilimia ishirini na mbili ilipita. Siku za kukata rufaa ziliisha bila rufaa. Fidia ililipwa Desemba: shilingi laki moja na elfu themanini na saba. Aliyempelekea hundi nyumbani ni Jackson mwenyewe. Aliombwa akae, akapewa ndizi za sufuria ya Jumapili, akauliza maswali mengi kuhusu ukutila, maana siku hizo alikuwa ameanza kumchumbia binti wa hapa Tukuyu na alitaka kujua ajiandae kujificha wapi.

Kwa shilingi elfu tisini na tano Ambindwile alinunua mtamba, mweusi mwenye doa jeupe pajani. Amemfunga kwenye migomba, umbali wa heshima kutoka kwa Ikupa.

"Nilimwonyesha," anasema. "Nilikwenda pale nikamwambia, huyu hapa, usije ukasema sikununua."

Lakini ng'ombe hatolewi mume wa mkamwana akiwa hayupo. Isakwisa ni dereva wa lori. Mvua za mwaka huu, zile ambazo redio inaziita El Niño, zimekata barabara upande wa Zambia, na tangu mwezi wa kwanza yuko Lubumbashi na mzigo wake. Ametuma salamu kwa dereva mwenzake kuwa Pasaka atakuwa nyumbani. Wazee wa ukoo wamepanga Jumamosi inayofuata Pasaka.

Ambindwile anasema siku hiyo amepanga kuvaa koti la harusi. Neno la kusema bado hajalipata. Kwa miaka saba Hellen amekuwa kikohozi tu, na hatua, na chumvi kidogo ikizidi.

"Atanipa mkono," anasema, akiutazama wa kwake. "Walau huu hautamshtua. Ameshaupima."

Kiwandani amehamishiwa kazi nyepesi, getini, pamoja na Anyosisye. Yeye ndiye anayeandika kitabu cha ajali sasa, kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimelala kama mahindi baada ya upepo. Kwa kila anayeumia huandika jina la ubatizo, jina la baba, na jina ambalo watu wanamwita. Jackson ameagiza vitabu vyote vya kiwanda viandikwe hivyo.

Hellen naye hukata majani ya ng'ombe kila jioni akitoka kazini, na huyaweka mwenyewe, kwa kuwa ng'ombe haogopwi.

"Yule ng'ombe anamjua mkamwana wangu kuliko mimi," anasema Ambindwile.

Jumapili iliyopita, saa saba mchana, mvua ikinyesha, Hellen aliweka sufuria kizingitini, akakohoa mara mbili, akampa ng'ombe majani, akarudi kwake. Ambindwile alingoja mpaka aliposikia mlango wa upande wa pili umefungwa, ndipo akafungua wa kwake.